Boriti ya Mlango Mkubwa

Wehmerbrok, 6 Februari 1994

Mdogo wangu Hinnerk,

Habari za huko, kama bado uko huko. Sisi hapa wazima. Shangazi Talke anakusalimu, mguu wake umepona, ulimi wake haujawahi kuugua. Yule ng'ombe mwekundu kazaa dume. Jirani Eilert kanunua trekta jipya na anapita nalo mbele ya dirisha letu hata kama hana anakokwenda. Barua yako ya Krismasi imefika juzijuzi, nikaisoma mezani, na Baba akataka nirudie pale ulipoeleza paa la kanisa. Nimerudia mpaka naijua kwa moyo.

Sasa sikiliza. Dhoruba ya mwezi uliopita imelichezea ghala letu. Upande wa magharibi umeinama, vigae vimemwagika uani, na Baba alipochokonoa miguu ya nguzo kwa kisu, kisu kikazama mpaka mpini. Nilishukuru kimoyomoyo. Nikasema haya, litabomolewa, tutajenga banda la mabati kama watu wengine, tupumzike. Ng'o! Kesho yake Baba akashuka na tezo la babu begani. Anataka kulirudisha lilivyokuwa: mwaloni uliochongwa kwa shoka, ulimi wa mti uingie kwenye tundu la mti, vigingi badala ya misumari, kuta za fito zilizokandikwa udongo. Eilert akamwambia, "Cord, dukani kuna skrubu, bwana." Baba akamjibu, "Dukani kuna na meno ya bandia, mbona wewe umekaa na pengo?"

Na mkandikaji ni nani? Ni mimi, muuguzi mwenye cheti, niliyekuja kumzika Mama na kukaa kidogo tu. Hiyo sheria yenu mafundi wa kutembea mji kwa mji, kwamba kijana akishatoka asikaribie kwao hata kwa kilomita hamsini mpaka miaka mitatu na siku moja iishe, nani aliitunga? Bila shaka ni mwanamume aliyekuwa na dada nyumbani.

Hinnerk, Oktoba muda wako unaisha. Ulisimama jikoni ukaniambia, "Dada, nishikie nyumba, nikirudi utaondoka." Nimekushikia. Hospitali moja ya Bremen imenikubali wodi ya wazazi, na watanisubiri mpaka Novemba, si zaidi. Baba hajui. Nitamwambia siku utakayokaa mezani hapa, aone kwamba hajaachwa peke yake. Nakuandikia kwa sababu simu iko ukumbini, karibu na kiti chake, na masikio ya Baba bado ni ya kijana.

Nijibu hilo la Oktoba kabla ya mengine.

Dada yako,
Gesche


Colmar, 17 Aprili 1994

Dada Gesche mpendwa,

Usinikasirikie, barua yako imenifuata kama mbwa aliyepotewa na bwana wake, kutoka karakana hii hadi ile, mpaka ikanikuta huku. Mimi mzima. Kofia yangu ilichukuliwa na mto nikivuka daraja, na fundi wa kutembea bila kofia ni kama jogoo bila kilemba, nimechekwa mji mzima. Nimepata nyingine kwa mjane mmoja. Ilikuwa ya marehemu mumewe na inaniteremka hadi kwenye nyusi. Msalimie Shangazi. Mwambie Eilert trekta halimfanyi mtu mrefu.

Ghala! Nimesoma nikacheka, kisha nikakaa. Mpe Baba ujumbe huu, ingawa anaujua kuliko mimi: nguzo ichongwe mbichi lakini vigingi viwe vikavu kabisa, vikaushwe juu ya jiko. Nguzo ikikauka itakibana kigingi kisitoke milele. Na wewe ukishika keekee kutoboa, tundu la ulimi na tundu la nguzo yasikae sawasawa. Yapishane unene wa sarafu, ili kigingi kikipigwa kiuvute ulimi ndani, kiungo kibane. Fito zilowekwe. Udongo uchanganywe na mabua na mavi ya ng'ombe, ukanyagwe kwa miguu mitupu, usione aibu, mabuti hayajui kama udongo umeiva.

Huku tunatengeneza nyumba ya mfanyabiashara wa mvinyo, ukutani kumejaa michoro ya zabibu. Bwana wetu mkali lakini analisha watu vizuri.

Kuhusu Oktoba, tutaongea ikikaribia. Mambo ni mengi. Baba anaendeleaje kiafya?

Nduguyo,
Hinnerk


Wehmerbrok, 22 Mei 1994

Hinnerk,

Asante kwa habari za vigingi, udongo na kofia ya marehemu. Umeandika mambo hayo yote, na Oktoba ukaipa mistari miwili myembamba. Usijifanye hamnazo. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo kwa Mama, nakujua.

Haya, salamu kwanza. Dume la ng'ombe linakua. Shangazi Talke anashinda hapa siku hizi, anasema anakuja kusaidia, lakini anachosaidia ni kunywa kahawa. Mvua imetosha.

Kazi inakwenda. Tumeinua upande mzima kwa majeki ya mti, tumekata miguu iliyooza na kuunga mipya, na Baba anaunga kiasi kwamba ukipitisha ukucha huhisi mahali pa kiungo. Mimi nimekanyaga udongo mpaka nyayo zangu zimekuwa nyekundu. Na keekee nimeshika, ndiyo. Nimefanya ulivyosema, nikatoboa matundu yapishane unene wa sarafu, safu nzima, nikajiona fundi. Kumbe nimeyapishanisha upande mbaya! Baba alipopiga kigingi cha kwanza, ulimi badala ya kuvutwa ndani ukasukumwa nje. Akapiga tena, ukazidi kutoka. Eilert alikuwa ameegemea ua, akasema, "Gesche, huo si ujenzi, hiyo ni talaka." Baba alicheka, Hinnerk. Tangu Mama afariki sijamsikia akicheka vile. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini juu ya boriti, na alikaa kitambo. Siku hizi anakaa mara nyingi.

Halafu kuna hili. Boriti ya mlango mkubwa imeoza, ile yenye majina ya babu na bibi na mwaka wao. Baba ameingiza mwaloni mpya kwenye zizi kuukuu la nguruwe, akatundika magunia mlangoni, na hataki mtu aingie. Kila jioni nasikia patasi. Shangazi akajaribu kuchungulia akarushiwa kibanzi. Kwa hiyo anachonga jina, na jina gani kama si lako? Kijiji kizima kinajua hivyo. Na wajua wanavyosema hapa: aliyechongwa juu ya mlango mkubwa hauzi na hahami. Basi furahi, kaka, umeshawekewa mahali pako. Mimi niache nifunge mizigo.

Andika neno moja tu, nitalala.

Gesche


Freiburg, 3 Julai 1994

Dada yangu,

Natumaini mavuno ya majani yamekwenda vizuri. Mimi mzima, kidole gumba kimepondwa kidogo. Msalimie Shangazi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi mno. Umeandika Baba anakaa chini katikati ya kazi. Baba hakai katikati ya kazi. Alipovunjika mbavu alisimama akamaliza kuezeka. Kwa hiyo naomba kitu, na ni kitu kibaya, na najua ni kibaya: usiniandikie anaumwa nini. Wala usiniandikie anaumwa kiasi gani.

Unaijua sheria. Mzazi akiwa mahututi, na fundi akaambiwa, marufuku inavunjika na wenzake wanampakia kwenye gari la kwanza. Hawamuulizi. Wataniuliza kama nimeambiwa, na mimi siwezi kusema uongo mbele yao, nimekula kiapo. Nikiambiwa nitakuja, na nikija siku hiyo, Dada, sitoki tena. Baba naye, akiwa fundi wa kutembea, alirudi vile vile kwa babu aliyekuwa anakufa. Alikuja na kifurushi chake kwa siku chache, na kofia yake nyeusi bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Tangu utoto nilikuwa naogopa kuila supu yangu mbele ya kofia ile.

Na kama unaweza, mzuie asilichonge jina langu. Mwambie chochote.

Hinnerk


Wehmerbrok, 19 Julai 1994

Hinnerk,

Hatujambo. Salamu zimetosha.

Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unaniomba nimzuie Baba. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe hataki kujua kama yu hai? Wewe unaweza kuchagua la kujua na la kutojua. Mimi ndiye ninayefua mashuka yake.

Nilimpeleka kwa daktari wiki iliyopita. Nilikaa ndani naye, nikasikia yote, na kazi yangu ndiyo hiyo kwa hiyo nilielewa hata yale daktari aliyoyameza. Tukiwa njiani kurudi Baba akanishika kifundo cha mkono huku naendesha, nusura tuingie mtaroni. Akasema, "Hilo usimwandikie." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nilipoandikiwa nilikuwa nimebakiza kiangazi kimoja. Kiangazi kimoja tu, Gesche. Mwache amalize chake." Kisha akaanza kuongea habari za vigae, na mimi nikaongea habari za vigae, mpaka nyumbani.

Kwa hiyo mmekuwa wawili mnaoniziba mdomo, mmoja kwa mapenzi na mwingine kwa woga. Neno lenyewe ninalo kwenye ncha ya kalamu. Ni maneno mawili tu, ningeyaandika hapa nawe ungekuwa njiani kabla wino haujakauka vizuri, na Novemba mimi ningekuwa Bremen nimevaa koti jeupe. Usidhani sijajaribiwa. Jana nilikaa na karatasi hii mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Sitayaandika. Lakini nakuuliza, na hili si la ugonjwa wala la sheria: muda wako ukiisha, utarudi au hutarudi? Sitaki hadithi za mvinyo.

Gesche


Freiburg, 14 Agosti 1994

Dada Gesche,

Sirudi.

Nimeandika barua ndefu nikazichana, basi nakuandikia fupi. Kuna bwana mmoja Norwe anayetengeneza makanisa ya mbao, amenipa nafasi, nimekubali tangu Machi. Barua yako ya kwanza iliponifikia nilikuwa nimeshakubali. Nilitaka kukuambia kila mara, kalamu ikakimbilia kwenye vigingi.

Nikifikiria uga wetu, ule mlango, meza ile, naishiwa pumzi. Huku napanda paa la nyumba nisiyoijua, namaliza, nashuka, sitaiona tena, na moyo wangu mweupe. Naona aibu kukuandikia hivi lakini ndivyo ulivyo.

Mwambie Baba shamba apewe Eilert kwa kukodi, yeye analitamani miaka yote. Nenda Bremen. Usinisubiri. Nilikukosea nilipokuambia nishikie nyumba, sikuwa na nia ya kuipokea.

Hinnerk


Wehmerbrok, 5 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Shangazi Talke hajambo, anakusalimu. Dume tumeliuza. Tufaha za mwaka huu ni ndogo lakini tamu. Barua yako ilifika Ijumaa, na Jumamosi ndiyo siku tuliyosimamisha kenchi ya mwisho na boriti ya mlango.

Niliiweka barua mfukoni mwa aproni, nikajipanga. Nilikuwa nimeshaamua. Watu wakishakula, wakishaondoka, ningekaa na Baba nimwambie yote, wewe Norwe, mimi Bremen, shamba kwa Eilert, na yeye nimchukue niishi naye mjini kwa muda aliobakiwa nao. Niliyapanga maneno usiku kucha na asubuhi nilijisikia mwepesi. Nilioka keki za siagi huku naimba. Shangazi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kijiji chote kilikuja. Wanaume waliivuta boriti kwa kamba ikiwa bado imefungwa magunia, Baba akasimama chini kwa fimbo akiwaamuru, sauti yake nusu, lakini hakuna aliyethubutu kutomsikia. Ikakaa. Vigingi vikapigwa, na matundu yake nilitoboa mimi, na safari hii vilivuta upande sawa. Eilert akapanda juu na shada la majani, akaliombea jengo, akanywa pombe yake akairusha glasi, ikapasuka vipande vizuri, ishara ya heri, wote wakashangilia. Kisha Baba akasema, "Vua."

Eilert akayakata magunia.

Hinnerk, ni jina langu. Limeandikwa lote, Gesche Alheid Brokhoff, na mwaka, herufi pana za kina kirefu, na maua pembeni aliyoyachonga kwa shida, mengine yamepinda. Hakuweka mume, hakuweka kaka, wala la kwake mwenyewe hakuliweka. Katika kijiji hiki hakuna mlango wenye jina la mwanamke akiwa peke yake, na watu walilisoma mara mbili kwa sababu hawakuamini wanachosoma. Kisha Shangazi Talke akaanza kulia kwa sauti, akinikumbatia, akisema, "Laiti mamako angeliona hili!" Wanawake wote wakalia. Mke wa Eilert akanibusu, akasema anamwonea wivu binti mwenye baba kama wangu. Eilert akapiga kelele kutoka juu, "Mwenye mlango apewe glasi!" Nikapewa glasi. Nikamwona Baba ananitazama. Hakuwa anatazama boriti, alikuwa anautazama uso wangu, kama mtoto aliyeleta mchoro wake.

Nikatabasamu. Ningefanya nini kingine? Nikatabasamu, nikanywa, nikashukuru watu kwa kuja.

Nilimwambia jioni. Sikuweza kukaa nalo. Nilikuwa namvua viatu, nikamwambia kwamba nina nafasi Bremen, kwamba nilikuwa nakusubiri wewe urudi ili niondoke, na kwamba wewe hurudi. Niliyasema yote nikiwa nimeinama kwenye viatu vyake. Halafu akauliza, "Mbona hukusema?"

Nikasema, "Hukuniuliza, Baba."

"Ulikuwa unakanyaga udongo kila siku. Ulikuwa unacheka. Nikajua unapataka."

"Nilikuwa nakanyaga kwa ajili yako."

Akaanza kulia, Hinnerk. Sikumwona akilia kwenye kaburi la Mama. Akasema, "Mimi pia sikuulizwa. Nilijiapiza mwanangu mmoja ataulizwa. Nikamwacha mdogo wako aende." Akanishika kichwa, mikono yake inanuka mwaloni. "Nilidhani nawe nakupa kitu," akasema. Na kweli alinipa, ndilo jambo zuri kuliko yote ambayo mtu amewahi kunifanyia, na siwezi kupumua chini yake.

Asubuhi alitaka kuishusha boriti. Alikwenda mwenyewe na ngazi na msumeno. Nilimkuta ameshika ngazi hajaweza hata kipago cha kwanza. Nikamrudisha kitandani. Nikamwambia aiache, imekaa vizuri, kuishusha tutaangusha ghala zima. Hilo ni kweli, wewe ni fundi unajua. Leo nimewaandikia Bremen kwamba nafasi wampe mwingine; aliyechongwa juu ya mlango hahami.

Sikuchukii. Nimejaribu. Nenda Norwe kama unaenda, na ukipanda hayo mapaa yako angalia unapokanyaga.

Lakini kuna jambo nililolibeba tangu Julai kwa ajili yenu wawili, na sasa nalitua. Sijamwomba ruhusa, na wewe sikuombi. Wenzako wakikuuliza, useme kweli.

Baba anakufa. Daktari alisema hataiona Krismasi, nami nimeuguza watu wa kutosha kujua kwamba hata Oktoba yako ataikosa. Kila akisikia buti uani anageuza kichwa mlangoni, kisha ananiuliza mimi kama nahitaji kitu.

Sasa umeambiwa.

Dada yako,
Gesche